Ripoti ya mazingira huanzia stoo: dhana potofu na ukweli wake

Kila Januari simu yangu huita kwa habari ileile. Kampuni inafunga hesabu za mwaka, mkaguzi ameuliza kiasi cha gesijoto ilizotoa, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazoipasha joto dunia, na ofisa mazingira amepewa wiki mbili. Nikifika nakuta boksi la risiti, daftari la jenereta lililolowa dizeli, na picha za mita zilizobaki kwenye WhatsApp ya fundi aliyeacha kazi Agosti. Nakuta pia maneno yaleyale, ambayo watu ofisini wanayaamini kwa moyo safi. Nimeamua kuyaandika kwa sababu mwaka huu nimemwona ofisa kijana akilaumiwa mbele ya wenzake kwa kosa lililofanyika miezi kumi kabla, na si yeye aliyelifanya.

"Ripoti ni kazi ya mwisho wa mwaka"

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Mtu hudhani ripoti huandikwa mezani, kumbe imeshaandikwa stoo, kwenye chumba cha jenereta na kwenye kitabu cha mlinzi getini. Chukua dizeli. Wengi hujumlisha lita za risiti za mwaka mzima na kuzizidisha kwa kiasi cha gesi kinachotoka kwa lita moja. Lakini risiti inaonyesha mafuta yaliyonunuliwa, na hewa imechafuliwa na yale yaliyochomwa. Ili kuyajua, anza na kiasi kilichokuwa kwenye tangi Januari 1, ongeza manunuzi, toa kilichobaki Desemba 31, kisha tenganisha ya jenereta na ya magari. Kama siku ile ya mwisho hakuna aliyetumbukiza kijiti cha kupimia, namba hiyo imekwenda, na mtaalamu atakayeletwa Machi hataweza kuirudisha.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni hivyohivyo. Uniti zilizonunuliwa Desemba 29 zinaweza kuwasha taa hadi katikati ya Januari. Soma mita, usijumlishe tokeni.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Kuzidisha hapo ni hesabu ya darasa la saba. Jasho lote liko kwenye kujua ni lita ngapi. Na muda wa kujitafuta unazidi kupungua. Viwango vya kimataifa vya IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023 na ISSB, bodi ya viwango vya ripoti za uendelevu, vinataka taarifa za uendelevu, yaani namna mazingira na tabianchi vinavyoigusa kampuni, zitoke pamoja na hesabu za fedha, zikihusu kampuni ileile na kipindi kilekile. Mwaka wa kwanza kuna nafuu kidogo ya kuchelewa. Baada ya hapo, anayesubiri Machi aanze kukusanya atakuwa amechelewa kabla hajaanza.

"Sisi hatuna bomba la moshi"

Haya husemwa na benki, hoteli, shule binafsi na kampuni za mizigo. Utaratibu wa kuhesabu unaotumika karibu dunia nzima, ule wa GHG Protocol uliotoka mara ya kwanza mwaka 2001, unagawa gesijoto katika mafungu matatu. Wigo wa 1 ni gesi zinazotoka kwenye mitambo na magari yako mwenyewe. Wigo wa 2 ni umeme ulionunua. Wigo wa 3 ni kila kinachotokea kabla na baada yako, kuanzia bidhaa unazonunua hadi safari za wafanyakazi, na umegawanywa katika makundi 15. Kwa benki, mzigo mkubwa kwa kawaida uko kwenye shughuli za wale inaowakopesha, si kwenye taa za matawi yake.

Ila kitu kinachosahaulika kuliko vyote, hasa kwenye hoteli za Mombasa na Zanzibar, ni gesi ya viyoyozi. Fundi anaitwa kila baada ya miezi michache "kujaza gesi", na hakuna anayeuliza ile ya zamani ilikwenda wapi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, imevuja. Kilo moja ya R-410A, ambayo imo kwenye viyoyozi vingi vya miaka hii, huipasha joto dunia kama zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa katika miaka 100. Kwa hiyo hoteli iliyojaza kilo 10 kwa mwaka ina karibu tani 21 za kuripoti, sawa na kuchoma lita 7,800 hivi za dizeli. Ankara ya fundi, hata hivyo, imeandikwa tu "service AC". Dawa yake haina gharama: mhasibu akatae kulipa ankara ya fundi isiyotaja aina ya gesi na kilo alizoweka. Nimeona hoteli moja ikifanya hivyo, na ndani ya miezi mitatu ikajua ni jengo gani linavujisha.

Upande wa umeme nako kuna mtego. Kizidisho cha umeme wa gridi, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti, si namba ya kudumu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya Tanzania mwaka 2024, na mgawanyo kati ya maji na gesi asilia ukabadilika. Anayetumia jedwali alilorithi kwa mtangulizi wake anahesabu kwa gridi ambayo haipo tena.

"Tuna cheti cha mazingira, inatosha"

Cheti cha NEMC kwa Tanzania, au leseni ya NEMA kwa Kenya, taasisi za serikali zinazosimamia mazingira, kinahusu mradi fulani mahali fulani: majitaka, kelele, taka, majirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 na ile ya Kenya ya 1999 zinataka pia ukaguzi wa mazingira baada ya mradi kuanza. Ripoti ya uendelevu inauliza swali jingine: ukame, mafuriko na sheria mpya vitaigusaje fedha ya kampuni nzima? Kimoja hakifuti kingine. Habari njema ni kwamba vipimo vya maji na taka vya ukaguzi vinatumika kwenye ripoti pia, kama mtu amevihifadhi mahali vinapoonekana.

"Makadirio ni udanganyifu"

Dhana hii huwaumiza waaminifu. Mita ikiharibika mwezi Machi, ofisa anaogopa kukadiria, anaacha nafasi tupu, na jumla ya mwaka inakuwa ndogo kuliko ukweli. Viwango vinaruhusu makadirio waziwazi. IFRS S2 yenyewe inazungumzia kutumia taarifa zenye msingi zinazopatikana bila gharama au usumbufu uliopitiliza. Chukua wastani wa Februari na Aprili, weka alama, andika umeufikiaje na nani ameukubali. Udanganyifu ni kukadiria kisha kukaa kimya.

"Namba ikipanda, tumefeli"

Mwaka wa pili namba hupanda karibu kila mara, kwa sababu mmegundua jenereta la ghala la pili na viyoyozi vya tawi la Mwanza. Hapo mnarudi kusahihisha mwaka wa kwanza na kueleza sababu. Wakurugenzi wengine hushawishika kuficha. Naomba wasifanye hivyo. Mwaka 2023 Tume ya Masoko ya Mitaji ya Marekani iliitoza DWS, kampuni ya uwekezaji iliyo chini ya Deutsche Bank, dola milioni 19 kwa kujisifia namna inavyozingatia mazingira kuliko ilivyokuwa ikifanya. Mwaka 2025 waendesha mashtaka wa Frankfurt wakaiongezea faini ya yuro milioni 25. Hakuna mto uliochafuliwa katika kesi hiyo. Kilichowaponza ni maneno yasiyo na kumbukumbu nyuma yake.

Kuhusu kununua programu ya bei kubwa nitasema kidogo tu: ikiwa mtunza stoo haandiki, programu itachora grafu nzuri za utupu. Na wale wanaohifadhi kila kitu milele "kwa usalama" wajue kwamba nakala saba za jedwali moja ndizo humkosesha mkaguzi amani. Tena sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, haziruhusu kukaa na majina na safari za madereva kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Hayo ni mambo ya Wazungu na kampuni kubwa"

Kenya imeshapanga ratiba ya kuanza kutumia viwango hivyo vya IFRS kupitia taasisi ya wahasibu, ICPAK: taasisi zenye maslahi ya umma, kama benki na kampuni za soko la hisa, mwaka 2027, kampuni nyingine kubwa 2028, ndogo na za kati 2029. Lakini hata asiyefikiwa na ratiba yoyote anafikiwa na mteja wake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kahawa inayoingia huko ijulikane imelimwa shamba lipi, na kwamba msitu haukufyekwa hapo baada ya Desemba 31, 2020. Shamba la zaidi ya hekta 4 linahitaji mipaka yote. Kwa dogo inatosha alama moja kwenye ramani. Inahusu kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe. Chai na korosho hazimo, ingawa nimesikia wakulima wakitishwa nazo. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na wanunuzi wameendelea kupima mashamba.

Hapa ndipo ninapoumia. Vijana wenye simu wanapita Kagera na Mbozi wakichukua alama za mashamba, na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima (AMCOS) hakibaki na nakala. Msimu ujao mnunuzi mwingine akija, chama kinaanza upya, au kinabaki kumwuzia yuleyule kwa bei yake kwa sababu ndiye mwenye ramani. Viongozi wa AMCOS, kabla ya kuruhusu upimaji, wekeni kwenye mkataba kwamba faili lote litakabidhiwa chama siku ileile, na mkulima aoneshwe alama ya shamba lake kwenye ramani kabla mpimaji hajaondoka kijijini.