Muziki wa Gwaride: Waingereza na Wajerumani Walivyoazimana

Dhana potofu: Waliopigana vita kuu mbili lazima kila mmoja alikuza muziki wake wa kijeshi kivyake.

Bendi ya jeshi la Uingereza imepitia mno mikononi mwa Wajerumani. Kuanzia 1714 hadi 1837 mfalme wa Uingereza alitawala pia Hanover, dola ya Kijerumani, na wapiga muziki walivuka bahari kama watu wa nyumba moja. Inasimuliwa kwamba maofisa wa Coldstream Guards, kikosi cha walinzi wa mfalme, walitaka bendi yao, ya raia wa kukodi, iwatumbuize katika matembezi ya mashua kwenda Greenwich. Wapigaji wakagoma: wana kazi zao za heshima mjini. Maofisa wakapeleka malalamiko kwa Duke wa York, mkuu wa kikosi chao, naye mwaka 1785 akaagiza bendi nzima kutoka Hanover, ya askari wasioweza kukataa amri. Ilikuja na watu weusi wa kupiga matari na fimbo ya njuga, vyombo ambavyo Ulaya ilikuwa imeviiga kwa Waturuki.

Dhana potofu: Chuo cha muziki wa kijeshi cha Kneller Hall kilimaliza utegemezi huo.

Kilifunguliwa 1857 ili Waingereza wajifundishie wakuu wa bendi wao wenyewe. Mkuu wa kwanza akawa Henry Schallehn, Mjerumani. Aliyemfuata? Carl Mandel, Mjerumani vilevile. Hadi leo Coldstream Guards hupita kwa mwendo wa haraka na “Milanollo”, utunzi wa Mjerumani Johann Valentin Hamm, na wenzao wa Grenadier Guards kwa mwendo wa pole na muziki wa Handel, mzaliwa wa Halle.

Dhana potofu: Waazimaji walikuwa Waingereza tu.

“Heil dir im Siegerkranz”, wimbo wa kumtukuza mfalme wa Prussia, dola kuu ya Kijerumani, na baadaye Kaisari wa Ujerumani, uliimbwa kwa mahadhi yaleyale ya “God Save the King”, wimbo wa Uingereza wa kumtukuza mfalme. Kwa hiyo mwaka 1914 maadui waliingia vitani wakiwatukuza wafalme wao kwa tuni moja.

Dhana potofu: Nyimbo za gwaride za Kijerumani ni za Hitler.

Hii ndiyo imeshika mizizi zaidi, na filamu zina lawama yake. “Preußens Gloria” ya Piefke ni ya 1871, baada ya vita na Ufaransa. “Alte Kameraden” ya Carl Teike ni ya 1889, na bendi za Uingereza huipiga bila kigugumizi. Hata “Badenweiler”, aliyoipenda Hitler hadi ikawekewa masharti ya kupigwa mbele yake tu, ilitungwa kwa ajili ya askari wa Bavaria mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Doa lake ni la kupakwa baadaye.

Dhana potofu: Beni yetu, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ni zao la Mwingereza peke yake.

Ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, lakini ilishamiri pia Tanga na Dar es Salaam chini ya Wajerumani, vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa sare na tarumbeta. Vita ya 1914–1918 ilipokwisha, askari wa pande zote mbili walikuwa wameshaifikisha bara.