Utando wa Polima Si Chekeche

"Matundu yake yana ukubwa gani?" Wiki hii nimeulizwa hivyo mara tatu, na watu watatu tofauti wenye mitambo ya biogesi wanaotaka utando wa polima, yaani plastiki, wa kuondoa kaboni dioksaidi ili wajaze methani kwenye mitungi. Hayana ukubwa, jamani. Matundu hayapo.

Najua kosa linakotoka. Molekuli ya kaboni dioksaidi ina upana wa nanomita 0.33, methani 0.38, basi mtu anawaza chekeche: ndogo ipite, kubwa ibaki. Lakini ile ngozi nyembamba ya utando inayofanya kazi haina tundu. Gesi huyeyuka ndani ya polima upande wenye presha kubwa, hujipenyeza kati ya minyororo yake ya molekuli inayotikisika, kisha hutokea upande wa pili. Kaboni dioksaidi inatangulia kwa sababu ni nyembamba, na pia kwa sababu plastiki huimeza kwa wingi kuliko methani. Kwenye mpira wa silikoni inaipita hata heliamu, ambayo ni ndogo kuliko yenyewe. Chekeche gani hilo linalotanguliza kokoto mbele ya mchanga?

Chukua soda ya chupa ya plastiki iliyosahaulika dukani. Kifuniko hakijaguswa, chupa haivuji, lakini ukiifungua imepooza. Gesi ilipita kwenye plastiki yenyewe.

Mteja mmoja aliona gesi yake inashuka ubora, akapiga maji ya presha "kuzibua matundu". Kilichoharibu nyuzi za utando wake kilikuwa mafuta ya kompresa. Maji yakamalizia.

Wengine husema ukiongeza presha gesi itazidi kuwa safi. Si lazima: kaboni dioksaidi ikizidi, polima ngumu kama selulosi asetati huvimba, minyororo hulegea, na methani nayo inapata njia.

Utando mmoja unaopitisha sana na kuchagua sana? Mtafiti Robeson alichora mpaka wa uwezo wa tando hizi mwaka 1991, akausogeza 2008, na bado unabana: ukipata kimoja unapunguza kingine. Ndiyo maana tando hupangwa hatua mbili au tatu.

Na gesi yenye harufu ya yai viza, hidrojeni salfaidi, usiuachie utando. Gesi ikaushwe, ipite kwenye mkaa amilifu, ule uliotengenezwa kunasa gesi chafu, kwanza. Nikifika kwako kitu cha kwanza nitakachoomba kuona ni pipa la huo mkaa, na kama halipo sikuuzii kitu.