Kuituliza besi kabla ya kununua spika: ukumbi wa tekno ndani ya kiwanda cha zamani

Kabla ya kununua spika hata moja, pima jengo. Tekno, muziki wa dansi wa kielektroniki, imekulia kwenye majengo ya namna hii: klabu ya Tresor ya Berlin ilianza mwaka 1991 katika hazina ya chini ya ardhi ya duka kubwa la zamani la Wertheim, na klabu ya Berghain, mjini humohumo, ikafunguliwa mwaka 2004 ndani ya kilichokuwa kituo cha umeme. Ndiyo maana wengi huamini kwamba zege tupu ndilo linaloipa besi uzito. Sivyo. Zege hunyonya takriban asilimia 2 tu ya sauti inayoligonga. Iliyobaki yote inarudi kwa wachezaji.

Chukua ukumbi wa mita 30 kwa 15, wenye kimo cha mita 8. Ujazo wake ni mita za ujazo 3,600, na nyuso zote, kuanzia sakafu hadi dari, ni mita za mraba 1,620. Tuseme madirisha na milango imepandisha wastani wa unyonyaji hadi 0.05, yaani asilimia 5: ni sawa na kuwa na mita za mraba 81 zinazonyonya sauti yote. Kwa kanuni ya Sabine, inayokadiria muda wa mwangwi, zidisha ujazo kwa 0.161, kisha gawanya kwa 81. Mwangwi unadumu sekunde 7. Muziki wa mapigo 130 kwa dakika hupiga ngoma kila sekunde 0.46, kwa hiyo kila pigo jipya linakuta 15 yaliyotangulia bado yananguruma. Ukiongeza wati, mwangwi nao unapanda kwa kiasi kilekile.

Lenga mwangwi wa sekunde 1.5, na uzipate kwenye besi, yaani hezi (mitetemo kwa sekunde) 63 na 125, si kwenye sauti za juu pekee. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pamba ya mawe ya sentimita 5 iliyobandikwa moja kwa moja ukutani hula matoazi na kuiacha besi ilivyo, kwa sababu wimbi la hezi 63 lina urefu wa mita 5.4. Weka unene wa sentimita 20, na nyuma yake uache hewa ya sentimita 20 au zaidi. Ukikadiria kwamba itanyonya asilimia 60 ya besi, utahitaji mita za mraba 570: dari yote na ukuta mmoja wa upana. Ni nyingi, lakini hakuna njia ya mkato. Usiutegemee umati pia, maana miili hunyonya sauti za kati na za juu, besi haiigusi sana.

Sponji ya poliyurethani usiiweke kabisa, hata ukipewa bure. Mwaka 2003 huko West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani na watu 100 wakafa. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, mambo yakawa yaleyale na wakafa 242. Pamba ya mawe haiwaki. Ifunike kwa kitambaa kilichothibitishwa kutoshika moto.

Subwufa, yaani spika za besi, zipange pamoja, mahali pamoja. Ukiweka mafungu mawili kushoto na kulia, hezi 60 itafutika kila penye tofauti ya mita 2.9 kati ya umbali wa fungu moja na la pili, na anayesimama hapo hatasikia besi. Meza ya DJ isigusane nazo. Mashine ya kuchezea santuri hupokea mtetemo na kuurudisha kwenye spika kama mngurumo usiokoma. Weka kila mashine ya santuri juu ya bamba la zege la sentimita 5 lililokaa kwenye mipira laini.

Mwisho, piga toni moja inayopanda polepole kutoka hezi 30 hadi 120, huku mwenzako akizunguka na kugusa mabomba, taa, mabati na fremu za madirisha. Kinachotetema kifungwe na kuwekewa mpira. Rudia baada ya wiki chache, kwa kuwa skrubu hulegea kwa mtetemo.