Je, wajua kwa nini rabi tajiri alibebeshwa kosa la ng'ombe wa jirani?

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200 huko Galilaya, kuna sentensi fupi inayomhusu ng'ombe. Inasema kwamba ng'ombe wa Rabi Elazar ben Azaria alikuwa akitoka siku ya Sabato na ukanda katikati ya pembe zake, na wenye elimu hawakuridhika na jambo hilo. Sabato ni siku ya mapumziko hata kwa mnyama, na ukanda huo ulihesabiwa kuwa mzigo.

Wanazuoni wa Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, walipofika kwenye sentensi hiyo walishangaa. Rabi Elazar alikuwa tajiri kupindukia. Ilisimuliwa kwamba kila mwaka zaka ya mifugo yake peke yake ilikuwa ndama 12,000. Itakuwaje mtu huyo atajwe kama mwenye ng'ombe mmoja? Wakajibu: ng'ombe hakuwa wake hata kidogo. Alikuwa wa mama mmoja jirani yake. Lakini kwa kuwa rabi hakumkataza, ng'ombe akaandikwa kwa jina la rabi.

Ukurasa huohuo wa Talmudi unaendelea kupanua duara. Mwenye uwezo wa kukataza maovu ya watu wa nyumbani kwake, asikataze, hushikwa kwa makosa ya nyumba yake. Mwenye uwezo wa kukataza maovu ya mji wake, asikataze, hushikwa kwa makosa ya mji. Kisha dunia nzima.

Nimeanza na ng'ombe huyu kwa sababu sijaona mlango mwepesi zaidi wa kuingilia swali ambalo wengi wetu tumewahi kuulizana, msikitini, kanisani au vijiweni: kwa nini Wayahudi hujiita taifa teule, na uteule huo una maana gani kwao wenyewe? Anayelisikia neno hilo akiwa nje hudhani ni habari ya upendeleo, kama baba mwenye watoto wengi ambaye nyama nono humwekea mmoja. Ukiyafungua maandiko yao na mijadala ya marabi, unakuta jambo jingine limetawala. Aliyeteuliwa ndiye anayedaiwa zaidi.

Mtu wa kwanza kulisema hilo bila kumung'unya maneno alikuwa mchungaji wa mifugo. Amosi wa Tekoa, aliyeishi karne ya 8 kabla ya Kristo, alijitambulisha kuwa si nabii wala mwana wa nabii, bali mfugaji na mtunza mikuyu. Alitoka kusini, Yuda, akapanda hadi ufalme wa kaskazini wakati ambapo mali ilikuwa imejaa na ibada zimenoga. Aliwakuta watu wakiuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu, na wakilala kando ya madhabahu juu ya nguo walizochukua rehani kwa wanyonge. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watu hawa walikuwa wamesifiwa sana. Amosi akawapa neno la Mungu: katika jamaa zote za duniani ni ninyi tu niliowajua, kwa sababu hiyo nitawapatiliza maovu yenu yote.

Uzito wote umo kwenye hilo "kwa sababu hiyo". Wasikilizaji wake walitarajia aseme kwamba kwa sababu hiyo watasamehewa. Na kabla ya kitabu chake kuisha, Amosi anawaongezea swali lililotaja Afrika waziwazi: je, kwangu ninyi si kama Wakushi, enyi wana wa Israeli? Niliwatoa ninyi Misri, lakini je, si mimi niliyewatoa Wafilisti Kaftori, na Washami Kiri? Maana yake, hata safari ya kutoka utumwani, fahari yao kubwa kuliko zote, si hati ya kumiliki Mungu.

Torati yenyewe ilikuwa imeshawafungia njia ya kujisifu. Kumbukumbu la Torati linasema hawakupendwa kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Na mbele kidogo linasema si kwa haki yao, maana wao ni watu wenye shingo ngumu. Kitabu cha Mwanzo kinapoeleza kwa nini Ibrahimu alijuliwa na Mungu, sababu inayotolewa ni kwamba ataamuru watoto wake na nyumba yake watende haki na hukumu. Na kazi yake ya kwanza baada ya maneno hayo? Ni kuwatetea watu wa Sodoma, ambao hawakuwa ukoo wake wala hawakuwa wema. Anasimama mbele ya Mungu akipunguza hesabu kama mtu anayepatana bei sokoni: hamsini, arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, mpaka kumi. Mteule wa kwanza anaanza uteule wake kwa kuwaombea wengine.

Hata hivyo, marabi waliona tatizo ambalo msomaji wa kawaida halioni. Kama kuteuliwa ni deni, je, mdaiwa alikubali kwa hiari? Rabi Avdimi alisimulia kwamba pale Sinai Mungu aliuinua mlima juu ya vichwa vya Waisraeli kama pipa lililopinduliwa juu chini, akawaambia: mkiipokea Torati, vema, msipoipokea, hapa ndipo kaburi lenu. Msomaji wa Kurani ataikumbuka picha hiyo, kwa kuwa Sura ya Al-A'raf nayo inautaja mlima ulioinuliwa juu ya Bani Israili kama kiwingu. Ndani ya Talmudi, Rabi Aha bar Yaakov akarukia pale pale: basi hiyo ni hoja nzito dhidi ya Torati nzima! Mkataba wa kulazimishwa haumfungi mtu. Mwanazuoni mwenzake, Rava, akamjibu kwamba hata hivyo, waliukubali upya kwa hiari yao wakati wa Esta, chini ya mfalme Ahasuero, pasipo mlima wowote juu ya vichwa vyao.

Ninavutiwa na ujasiri wa mjadala huu. Watu wanauliza kwa sauti, ndani ya kitabu chao kitakatifu, kama agano lao lina uhalali. Nao hawaridhiki mpaka wapate jibu ambalo ndani yake mwanadamu amesema ndiyo kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye neno lililoibeba fikra hii miaka yote: *arev*. Msemo maarufu wa Talmudi unasema Israeli wote ni *arevim* wao kwa wao. Mara nyingi hutafsiriwa kwamba wote wanahusika mmoja kwa mwingine, lakini tafsiri hiyo ni laini mno. *Arev* ni mdhamini, yule anayetia sahihi kwenye mkopo wa mwenzake na kufuatwa na mwenye fedha mkopaji akishindwa kulipa. Yeyote aliyewahi kumdhamini ndugu kwenye chama cha akiba na mikopo anajua uzito wake: hujala hiyo hela, lakini deni ni lako.

Na neno hilo si geni kwetu. Ukinunua kiwanja ukatanguliza fedha kidogo ili muuzaji asimpe mwingine, unatoa arbuni, au arabuni kama ilivyoandikwa kwenye Biblia ya Kiswahili. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na lugha hiyo ni ndugu wa Kiebrania, ambacho huita kitu hichohicho *eravon*. Mzizi ni mmoja na ule wa *arev*.

Mtu wa kwanza katika Torati kujitwika udhamini wa namna hii ni Yuda, mwana wa Yakobo. Huyu ndiye aliyetoa wazo la kumuuza ndugu yake Yusufu. Miaka baadaye njaa inawabana, mtawala wa Misri anamtaka Benyamini, na baba mzee hataki kumwachilia mtoto. Yuda anamwambia: mimi nitakuwa mdhamini wake, umdai mkononi mwangu. Mambo yalipoharibika huko Misri hakukimbia sahihi yake. Aliomba achukuliwe yeye kuwa mtumwa mahali pa kijana. Jina Myahudi limetokana na jina la Yuda huyu. Taifa zima linaitwa kwa jina la mtu aliyeanza kwa kumuuza ndugu, akaishia kumlipia ndugu.

Udhamini huo una masharti yake. Talmudi inaeleza kwamba mtu hushikwa kwa kosa la mwenzake pale alipokuwa na uwezo wa kumkataza, naye akanyamaza. Tumerudi kwa ng'ombe.

Ulikuwepo hata utaratibu wa hadharani wa kuulizana jambo hili. Maiti ikiokotwa porini na muuaji asijulikane, Torati inaagiza kupima umbali hadi mji ulio karibu zaidi. Wazee wa mji huo huleta ndama jike kwenye bonde lisilolimwa, humvunja shingo, hunawa mikono na kusema: mikono yetu haikumwaga damu hii. Mishna inauliza swali ambalo mtoto angeuliza: kwani nani aliwadhania wazee wa baraza kuwa wauaji? Kisha inafafanua wanachokiapia hasa: mtu huyu hakuja kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha bila wa kumsindikiza. Mzee ambaye mgeni alipita kwake na njaa, akaenda zake gizani peke yake, hawezi kunawa mikono hiyo.

Rabi Shimon bar Yohai alitoa mfano wa watu ndani ya mashua: mmoja anachukua keekee na kutoboa chini ya kiti chake, na wenzake wakipiga kelele anawajibu, inawahusu nini, si natoboa chini yangu mwenyewe? Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume Muhammad iliyo katika Bukhari, ya watu wa daraja la chini la jahazi wanaotaka kutoboa tundu ili wapate maji bila kuwasumbua walio juu. Katika karne ya 20 rabi Abraham Joshua Heschel, mzaliwa wa Warsaw ambaye mama yake na dada zake waliangamia mikononi mwa Wanazi, alilisema kwa maneno yake: wenye hatia ni wachache, wenye kuwajibika ni wote. Machi 1965 alitembea bega kwa bega na Martin Luther King kutoka Selma, akidai haki ya kura ya Wamarekani weusi. Duara la nyumba, mji na dunia alikuwa amelichukulia kama lilivyoandikwa.

Nisifiche kwamba wapo waliolielewa jambo hili kwa namna nyingine. Yehuda Halevi, mshairi wa Hispania wa karne ya 12, aliamini Waisraeli wana kipawa cha kuzaliwa ambacho hata mgeni aliyeingia dini yao hakifikii kikamilifu. Naona hapo aliteleza, na ni njia ambayo kiburi kimepitia mara nyingi. Maimonidi, aliyekuwa tabibu na kiongozi wa Wayahudi wa Fustat, Misri, alichukua njia iliyo kinyume. Mtu mmoja aliyeingia dini hiyo, Ovadia, alimwandikia akiuliza kama inamfaa kusali "Mungu wetu na Mungu wa baba zetu" na kusema "uliyetuchagua". Maimonidi akamjibu aseme yote, asibadilishe kitu, kwa kuwa kila anayeifuata njia ya Ibrahimu ni mwana wa Ibrahimu. Usidharau nasaba yako, alimwambia: sisi tunajihesabu kwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wewe kwa yule aliyenena ulimwengu ukawako. Waabayudaya wa huko Mbale, Uganda, walioifuata dini hii tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoichagua mwaka 1919 na kupigwa marufuku wakati wa Idi Amin, husali sala hizohizo.

Wasioingia hawahesabiwi kuwa waliopotea. Kwa marabi, wanadamu wote wana amri saba walizopewa wana wa Nuhu, na wenye haki wa mataifa wana fungu katika ulimwengu ujao. Myahudi yeye ana amri 613. Hesabu hiyo pekee inaonyesha mteule alipewa nini.

Mjadala haujafungwa. Sinagogini, anayeitwa kusoma Torati hugusa gombo kwa ncha ya shali yake, huibusu, kisha humhimidi Mungu "aliyetuchagua kati ya mataifa yote na kutupa Torati yake": kuchaguliwa na kupewa sheria, kwa pumzi moja. Mwaka 1945 rabi Mordecai Kaplan wa New York alitoa kitabu cha sala kilichoondoa maneno ya kuchaguliwa, akiamini kwamba hakuna njia ya kuyatamka bila kuwashusha wengine. Marabi wa kundi jingine wakakusanyika hotelini, wakamtenga, na kitabu chake kikachomwa moto. Wafuasi wake walibaki na baraka inayomshukuru Mungu aliyetukaribisha kwenye utumishi wake.