Maji Yapite Wapi? Uchaguzi Unaofanyika Kabla ya Daraja Kujengwa

Kila masika yanapokolea, wakazi wa Dar es Salaam huulizana swali moja asubuhi kabla ya kutoka nyumbani: Jangwani kunapitika? Mvua kubwa ya usiku mmoja hutosha kuufanya Mto Msimbazi upande hadi juu ya lami ya Barabara ya Morogoro, njia ikafungwa, mabasi ya mwendokasi yakasitisha safari za kuingia katikati ya jiji, na abiria wa Kariakoo, Muhimbili na Posta wakaanza kutafuta pa kuzungukia. Swali linalofuata, ambalo mimi kama mhandisi wa barabara huulizwa kuliko jingine lolote, ni hili: kwa nini barabara ile isinyanyuliwe tu?

Anayeuliza anastahili jibu kamili, na jibu lenyewe linaanzia kwenye neno "tu". Tuta la barabara linalokatiza bonde la mto halina tofauti kubwa na ukuta wa bwawa. Likinyanyuliwa kwa mita mbili bila kuongezewa nafasi ya maji kupita chini yake, barabara itakuwa imeokolewa kwa gharama ya wakazi wa Kigogo na Mchikichini, kwa sababu maji yatajikusanya upande wa juu wa mto hadi yafikie kimo kipya cha tuta, na wakati yanajikusanya yatakuwa yamo sebuleni mwa watu. Kwa hiyo swali la kwanza katika upembuzi yakinifu wa mradi wa aina hii si barabara iwe na kimo gani. Swali ni maji yapite wapi, ni mengi kiasi gani, na yanakuja kwa kasi gani.

Kwa Msimbazi, majibu ya maswali hayo yamebadilika ndani ya umri wa mtu mmoja. Mto huu unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea vijito vinavyotoka Ubungo na Sinza, kisha unamwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Zamani sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa mashamba, vichaka na ardhi inayonyonya maji. Leo ni mapaa ya bati, nyua zilizosakafiwa na barabara za lami, ambapo mvua ikishuka haina pa kuzamia, hivyo maji yaliyokuwa yakitumia muda mrefu kufika Jangwani sasa hufika mapema na yote kwa pamoja. Yanapofika hukuta kitanda cha mto kimepanda kwa mchanga na taka, maana yake ni kwamba daraja lililojengwa likiwa na nafasi ya kutosha chini yake hupungukiwa na nafasi hiyo mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kuligusa. Zaidi ya hayo, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa takriban mita 3, na mafuriko yakikutana na bahari iliyojaa, mto hukosa pa kumwagia kwa kasi inayotakiwa.

Mbele ya hali hiyo, njia zinazowekwa mezani ni kadhaa, na kila moja ina bei yake. Iliyo rahisi kujenga ni kunyanyua tuta na kuweka makalvati mengi makubwa, yaani mifereji ya zege inayopitisha maji chini ya barabara. Gharama yake ya awali ni ndogo, lakini makalvati ya mjini huzibwa na chupa za plastiki, magodoro na magogo, na kalvati lililoziba ni tuta kamili. Njia ya pili ni kuondoa tuta katika sehemu kubwa ya bonde na kuweka daraja refu linalosimama juu ya nguzo, ili mto upate upana wake. Njia ya tatu haihusu barabara kabisa: ni kuchimba na kupanua mto wenyewe, kuimarisha kingo zake, na kuyashika maji na mchanga huko juu kabla havijateremka. Ipo pia njia ambayo watu wengi hawapendi kuisikia, nayo ni kukubali kwamba barabara itafungwa kwa saa kadhaa kila mwaka, kisha fedha zielekezwe kwenye tahadhari za mapema na barabara mbadala. Kwa barabara ndogo ya mtaa uamuzi huo wa mwisho unaweza kuwa wa busara sana. Kwa Barabara ya Morogoro, inayobeba mabasi yaendayo haraka na mizigo ya nusu ya nchi, hauwezi kutetewa.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2022, umechanganya njia hizo badala ya kuchagua moja. Unahusisha daraja jipya la Jangwani, kazi za kuupanua na kuuchimba mto, kuihamisha karakana ya mabasi iliyokuwa ikifurika, na kuwalipa fidia wakazi wa sehemu za bonde zilizo hatarini zaidi. Kwa maoni yangu mchanganyiko huo ndio uhandisi sahihi, na pia ndio mgumu kusimamia, kwa kuwa daraja likikamilika halafu uchimbaji wa mchanga ukaachwa, mto utaanza tena kupanda kuelekea kwenye sitaha, yaani sehemu ya juu ya daraja inayopitiwa na magari.

Hapa inabidi nieleze jambo linaloleta mkanganyiko hata miongoni mwa viongozi. Mtaalamu akisema daraja limesanifiwa kwa "mafuriko ya miaka 100", hamaanishi kwamba mafuriko hayo yatakuja baada ya miaka 100. Anamaanisha kwamba katika mwaka wowote uwezekano wa mafuriko ya ukubwa huo kutokea ni 1 kati ya 100. Ukilipiga hesabu daraja litakalotumika miaka 50, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja katika uhai wake ni karibu asilimia 40. Na kalvati lililosanifiwa kwa mafuriko ya miaka 25 likikaa miaka 25, uwezekano wa kuzidiwa unafika asilimia 64. Anayechagua kipimo kidogo ili kupunguza gharama anapaswa kukitamka hadharani, kwa sababu amechagua pia ni mara ngapi wananchi watakwama. Hesabu zenyewe zinategemea kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita, ilhali mji unaoendelea kusakafiwa na hali ya hewa inayobadilika vinazifanya kumbukumbu hizo kuwa mwongozo usiotosha peke yake.

Umbali kati ya nguzo na nguzo nao ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana kwenye mchoro. Nguzo nyingi zilizokaribiana huruhusu boriti fupi za zege, ambazo hutengenezwa pembeni na kunyanyuliwa kwa winchi, kazi ambayo makandarasi wengi wanaimudu. Lakini kila nguzo iliyo ndani ya mto ni kizuizi: hukamata taka, hubana maji, na maji yaliyobanwa huongeza kasi na kuanza kuchimba udongo kwenye mguu wa nguzo ile ile. Kuchimbika kwa misingi ni miongoni mwa sababu kubwa za madaraja kuanguka duniani, na hatari yake ni kwamba hutokea chini ya maji machafu, mahali pasipoonekana, huku juu magari yakiendelea kupita. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo kadhaa wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikatenganishwa na jiji kwa siku kadhaa. Funzo la kiufundi pale ni la wazi: mahali ambapo mto unahitaji upana, kuupa kalvati ni kuukopa, na deni hulipwa siku ya mvua kubwa.

Mahali pa kuvukia pana uzito sawa na aina ya daraja. Watu huuliza kwa nini Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016 likiwa na urefu wa mita 680 na njia sita, lilijengwa Kurasini na si pale Magogoni panapovuka pantoni, ambapo ndipo watu walipozoea. Tazama lango la bandari. Meli kubwa zinapita hapo. Tuseme daraja la hapo lingehitaji kuacha nafasi ya mita 50 juu ya maji. Kwa mteremko wa mita 5 kwa kila mita 100, ambao lori lililosheheni linaupanda kwa taabu, ingehitajika kilomita nzima ya barabara ya kupandia kila upande. Hiyo kilomita ingepita juu ya nini pale Kivukoni? Kurasini mkono wa bahari ni mwembamba na meli za aina hiyo hazina haja ya kupita, kwa hiyo sitaha ikakaa chini zaidi na njia za kuingilia zikawa fupi. Malipo ya kusogeza daraja ni kwamba mtembea kwa miguu anayetaka kwenda Posta bado anategemea pantoni, na hilo lilipaswa kuhesabiwa, si kusahaulika.

Kuhusu makutano nitakuwa mfupi. Barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 2018, inawapitisha juu wanaosafiri kwa Barabara ya Nyerere, na wengine wanaendelea kuongozwa na taa chini yake. Ubungo, makutano ya Kijazi yaliyofunguliwa mwaka 2021 yana ngazi tatu, kwa sababu mikondo mikubwa ya magari pale inakatana pande zote. Tofauti hiyo ya usanifu inatokana na kuhesabu magari yanayokwenda moja kwa moja na yanayokata kona. Ila barabara ya juu huondoa foleni mahali iliposimama, na magari yaliyoachiliwa hufika kwenye makutano yanayofuata kwa pamoja. Mhandisi mshauri anayewasilisha hesabu za makutano moja bila kuonyesha yanayofuata hajamaliza kazi yake.

Chaguo linalopata heshima ndogo kuliko yote ni kutunza kilichopo. Hakuna utepe wa kukata pale mtaro unapozibuliwa, mpira wa kwenye kiungio cha daraja unapobadilishwa, au ufa wa lami unapozibwa kabla maji hayajaingia kwenye tabaka la kokoto. Kwa madaraja yaliyo karibu na bahari, chumvi hupenya zege taratibu hadi kwenye nondo. Nondo zikishaanza kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, na ukarabati wa hatua hiyo ni ghali mara nyingi kuliko ukaguzi ambao ungeigundua mapema. Uzito wa malori nao una hesabu yake. Majaribio yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake, yaani uzito ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, mzigo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini barabara imeumizwa zaidi ya mara mbili. Mizani ya kupimia malori ya Vigwaza, ambayo madereva wengi wanaiona kuwa usumbufu, inalinda lami ambayo sote tumeilipia.

Ipo pia ardhi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na upanuzi wowote unamgusa mtu: mwenye nyumba anayethaminishiwa, mama ntilie ambaye kibanda chake hakimo kwenye daftari la uthamini, mwanafunzi aliyezoea kuvuka kwa hatua 20 na sasa ana njia nane mbele yake. Nimeona michoro ambayo magari yamepangiwa kila kitu hadi upana wa kona, na mtembea kwa miguu amepewa kile kilichobaki. Katika jiji ambalo watu wengi hufika kituoni kwa miguu, huo ni usanifu mbovu hata kama zege lake ni imara. Kivuko cha waenda kwa miguu, mwanga wa usiku, sehemu ya kusimama bodaboda na bajaji, na njia ya muda ya kupita salama wakati ujenzi unaendelea, vyote vinatakiwa kuwa na bei ndani ya zabuni, kwa sababu kisicho na bei katika zabuni hakijengwi.

Haya yote yanaamuliwa mapema kuliko wananchi wengi wanavyodhani. Wakati mitambo inapofika eneo la kazi, mkataba umeshasainiwa, na kubadilisha jambo ni kulipa upya. Nafasi ya kusema ipo wakati wa upembuzi yakinifu na tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahitaji maoni ya wanaoathirika, na ipo katika mikutano ya mtaa ambayo mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache kwa kuwa tangazo lilibandikwa tu kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa. Ukipata taarifa ya mkutano wa aina hiyo, nenda. Huna haja ya kuijua lugha ya wahandisi. Omba uonyeshwe mchoro wa mkato wa daraja, ule unaoonyesha bonde kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uulize mstari wa kiwango cha juu cha mafuriko umechorwa wapi, ni wa mafuriko ya miaka mingapi, na sitaha iko mita ngapi juu yake. Kisha wewe unayekaa pale uwaonyeshe kwenye ukuta wa nyumba yako alama ambayo maji yaliifikia mara ya mwisho. Ikiwa alama yako iko juu ya mstari wao, mchoro huo una kazi ya kurudiwa kabla haujapelekwa popote.