Pikapu Iliyopandishwa Ikianza Kutangatanga, Usikimbilie Alainimenti

Malalamiko tunayoyapata zaidi siku hizi sisi wakaguzi wa magari kwa wenye pikapu hapa Malindi yana sura moja. Gari limepandishwa, usukani hautulii, mwenye gari ameshalipia alainimenti, yaani kusawazishiwa magurudumu kwa mashine, mara mbili tatu, na bado akivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui anapigana nalo njia nzima. Halafu analeta gari kwenye ukaguzi, linaanguka, anasema wakaguzi wanayachukia magari marefu.

Hatuyachukii. Anayetoa maembe Marafa au kubeba chumvi Gongoni ana sababu zake za kutaka chesi iwe juu ya mawe. Tatizo ni kwamba gari linapopandishwa, vyuma vya usukani vinabaki na urefu uleule, na mara nyingi hakuna aliyevitazama tena baada ya springi kufungwa.

Kwenye Hilux za miaka ya karibuni, kila gurudumu la mbele lina mkono wake, na tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu, inatoka kwenye raki, chuma cha usukani kinachosogea kushoto na kulia, ikiwa karibu imelala sawa. Ukiweka spesa, kipande cha kuinulia, juu ya springi, mkono unashuka na tairodi inashuka nao kwa mshazari. Kuanzia hapo, kila gurudumu linapopanda na kushuka, tairodi inalivuta ndani au kulisukuma nje, wala dereva hajagusa kitu. Barabara ikiwa laini utaona afadhali. Kwenye viraka ndipo gari linajichagulia njia.

Land Cruiser za kazi, zenye ekseli nzima mbele, zina ugonjwa wao. Ukizipandisha milimita 50 unapoteza kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, kwa nyuzi 2 hivi, na usukani ukikata kona haurudi wenyewe. Tena ile fimbo ya mshazari inayoizuia ekseli isiende kando huivuta ekseli upande mmoja. Dawa yake ni bushi, zile pete za kwenye maungio, za kurekebisha kasta na fimbo inayorefushwa kwa skrubu. Alainimenti pekee haiwezi, kwa sababu kwenye ekseli nzima mashine ile hurekebisha mwelekeo wa matairi tu. Kasta huisoma, haiibadilishi.

Lakini wengi wa hapa hawapandishi mbele kabisa. Wanaongeza vyuma vya springi nyuma, basi. Hapo swali langu la kwanza huwa: linatangatanga likiwa tupu, au likiwa na mzigo? Watu huliona swali la kupoteza wakati. Likiwa tupu, mkia uko juu na pua imeinama, kasta imepungua, na usukani unakuwa mwepesi wa kushtuka. Likizidishiwa mzigo, mkia unakaa, pua inanyanyuka, na matairi ya mbele hayana uzito wa kushika lami. Hizo ni hitilafu mbili tofauti, na ya pili haina fundi. Inataka magunia yapunguzwe.

Mzee mmoja alikuja na pikapu ya namna hiyo, ameongeza vyuma viwili kila upande. "Mwanangu," akaniambia, "gari hili limerogwa. Ukilinyoosha linakwenda upande." Nikamwomba kijana wake akae kwenye usukani, injini ikiwa inanguruma, autikise kushoto kulia kidogo tu, kama upana wa kiganja. Mimi nikaingia chini, nikashika maungio ya tairodi moja baada ya jingine. Jicho hudanganya, kiganja hakidanganyi: kwenye ungio la kushoto nilisikia chuma kikigonga kabla gurudumu halijasogea. Hilo moja.

La pili lilikuwa nyuma. Tulinyoosha magurudumu ya mbele, tukachukua tepu, tukapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, pande zote mbili. Kulia palikuwa pafupi kwa upana wa vidole viwili. Bolti ya katikati ya springi ilikuwa imekatika, yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zimelegea, na ekseli imeteleza. Gari lilikuwa linakwenda mwendo wa kaa, na dereva anaukunja usukani siku nzima ili liende mbele. Alainimenti tatu zilifanywa juu ya hali hiyo, na hakuna aliyeinama kutazama nyuma.

Kwa hiyo anzeni na upepo wa matairi. Siuelezi, kila mwenye gari anaujua. Kisha pandisheni mbele kwa jeki, gari likiwa limewekewa stendi imara, si mawe ya matumbawe, ambayo hupasuka bila kuaga. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume. Kisha lishike kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia tu, tafuta kwenye tairodi au raki. Likicheza juu na chini, ni beringi au boli jointi, kile kiungio cha mviringo kati ya mkono na gurudumu, na namna ya kuzitenganisha ni rahisi: mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boli jointi, na gari hilo lisiondoke hapo.

Pwani yetu ina jambo moja ambalo mafundi wa bara hawalifikirii. Bolti za kurekebishia mikono ya mbele huliwa na chumvi, zikagandamana na bushi. Mwenye mashine anajaribu kuzigeuza, hazigeuki, anarekebisha tairodi tu na kukuandikia risiti. Ombeni karatasi ya vipimo, vya kabla na vya baada. Kama kamba (camber, yaani gurudumu kuinama ndani au nje) na kasta ni zilezile, mmelipia nusu ya kazi.

Kuhusu usukani unaotetemeka kwa nguvu kwenye ekseli nzima, ukigonga shimo katika kilomita 70 au 80 kwa saa: msinunue shoka ya usukani, yaani shokomzoba yake, mkadhani mmetibu. Shoka mpya hunyamazisha mtetemo kwa muda huku bushi za fimbo ya mshazari na beringi za shingo ya gurudumu zikiendelea kuisha. Likikutokea, achia mafuta, punguza mwendo taratibu hadi litulie, usikanyage breki kwa ghafla.

Sasa upande wa sheria, maana huku ndiko hadithi nyingi za barazani zinakozaliwa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wa barabara wala waliomo ndani. Haisemi "isipokuwa fundi wangu amesema ni sawa." Anayekiuka anaweza kutozwa, chini ya kifungu cha 58, faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kutumia gari ambalo halijakaguliwa ilhali linapaswa kukaguliwa ni kosa jingine, na faini yake ya papo kwa hapo ni shilingi 10,000. Hivi ni vitu viwili. Stika halali ya ukaguzi haikuondolei kosa la tairodi iliyolegea, na usukani mzima haukuondolei kosa la kukosa stika. Narudia kwa sababu kila wiki naulizwa.

Mnapoleta gari: ukaguzi huombwa na kulipiwa kwa mtandao kabla ya kufika, si getini. Njooni na stakabadhi ya malipo, nakala ya kitabu cha gari na kitambulisho. Gari liwe tupu. Chini pawe pameoshwa, kwa kuwa ungio lililofunikwa na tope na grisi hatuwezi kulipitisha kwa kukisia. Nambari ya chesi isomeke. Kama umbo la gari limebadilishwa, kitabu kionyeshe hivyo, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi mapema, maana ajali ikishatokea maneno ya mdomo hayana mahali pa kuandikwa. Na chuma chochote cha usukani kilichochomelewa hakipiti, hata kama kimechomelewa vizuri kiasi gani. Tafadhali msinipigie simu kuhusu hilo.

Mzee yule alibadilisha ungio la tairodi, bolti za katikati na yubolti, akaondoa chuma kimoja cha springi kila upande. Ndipo gari likapelekwa alainimenti, ya nne, na karatasi ya vipimo akaniletea. Nilimwambia azikaze tena yubolti baada ya kilomita mia chache, kwa kuwa springi zilizofunguliwa hukaa upya na nati hulegea. Vile vyuma viwili alivyotoa, kijana wake ananiambia, kimoja kiko kwa mhunzi kinageuzwa panga. Cha pili amekiweka, asije akakihitaji msimu wa maembe. Nimemwomba anipigie kabla hajakirudisha.