Gari Dogo Kuukuu Linalopoteza Oili: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Injini ya gari dogo lililozeeka mara nyingi haiuawi na uzee. Huuawa na upungufu wa oili ambao mwenye gari hakuuona, kwa sababu aliamini kwamba gari lenyewe lingemjulisha mapema. Imani hiyo ndiyo yenye madhara kuliko zote zinazofuata, hivyo inafaa ianze.

Dhana: Taa ya oili isipowaka, oili ipo ya kutosha.

Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili haipimi kiasi kilichomo kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Katika magari mengi ya zamani taa hiyo imeunganishwa na swichi ndogo ya presha iliyofungwa kwenye injini, nayo huiwasha pale tu presha inaposhuka hadi karibu bar 0.3 au 0.5. Pampu inaweza kuendelea kutoa presha ya kutosha hata oili ikiwa imepungua sana, mradi mdomo wa bomba lake la kufyonzea bado umezama. Ndiyo maana dalili ya kwanza huwa ni taa kumetameta kwenye kona kali au breki inapokanyagwa kwa nguvu: oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja, pampu inafyonza hewa, na beringi za krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), ambazo zinategemea utando mwembamba wa oili, zinaanza kusagana chuma kwa chuma. Taa ikiwaka gari likiwa mwendoni, injini izimwe mara tu panapopatikana mahali salama pa kusimama. Kilomita chache za kuendelea kuliendesha gari hadi kwa fundi zinatosha kuigeuza kazi ya kuongeza oili ikawa kazi ya kubadili injini.

Kipimo cha kuaminika ni kijiti cha oili. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe, na isubiriwe dakika 5 hadi 10 ili oili iliyotapakaa juu ishuke. Kisha kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe hadi mwisho, ndipo kichomolewe tena na kusomwa. Katika magari mengi madogo umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita 1, ilhali injini nzima huchukua lita 3 au 4 tu. Kwa hiyo anayesubiri mpaka kijiti kitoke kikavu anaendesha gari lililokwisha kupoteza zaidi ya robo ya oili yake.

Dhana: Pasipo na tone chini ya gari, oili haipotei.

Oili inaweza kuungua ndani ya silinda bila kuacha hata doa sakafuni, na inaweza pia kuvuja pale tu injini inapounguruma, ikadondokea kwenye bomba la moto la ekzosi na kugeuka harufu. Inayoungua hutoa moshi wa bluu, na wakati moshi huo unapotokea una maana kubwa kuliko wingi wake. Ukitoka kwa muda mfupi gari linapowashwa baada ya kulala usiku kucha, au dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa nje ya pedali, washukiwa wa kwanza ni sili za valvu, mipira midogo inayozuia oili kupenya kwenye valvu. Ukiongezeka kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, kama vile kwenye mwinuko, macho yaelekezwe kwenye ringi za pistoni, pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Moshi mweusi ni habari nyingine, ya mafuta kuzidi; na moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto huashiria maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda.

Dhana: Gari likila oili, dawa ni ovaholi tu.

Hukumu hii, ya kuifungua na kuijenga upya injini nzima, hutolewa haraka mno, tena mara nyingi kabla hata boneti halijafunguliwa. Sili za valvu hubadilishwa bila kuigusa pistoni. Kuna pia valvu ya PCV, kidude kidogo kinachoiruhusu gesi iliyopenya kwenye ringi kurudi ikaungue. Ikiziba, presha hujaa ndani ya injini na kuisukuma oili nje kupitia kila sili iliyochoka, na ovaholi iliyofanywa bila kuigusa valvu hiyo itavuja vilevile.

Kwa anayetaka uhakika, fundi hupima kompresheni ya kila silinda, yaani jinsi inavyobana hewa, kisha hutia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi ya silinda iliyo dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda waziwazi, ringi au kuta za silinda zimelika; kisipopanda, hewa inapotelea kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Hata hivyo kompresheni nzuri haiziondolei ringi lawama zote, kwani ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, inaweza kunata kwa masizi huku zile za juu zikiendelea kubana vizuri.

Dhana: Panapodondoka ndipo panapovuja.

Oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Gasketi iliyokauka ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, hulowesha mgongo wa injini hadi kwenye maungio ya giaboksi, na mwenye gari huambiwa kwamba sili ya krenkishafti imekwisha, kazi ambayo kwa kawaida humlazimu fundi kuteremsha giaboksi. Injini isafishwe kwanza, iendeshwe kidogo, kisha itafutwe sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Dhana: Oili nzito huponya injini iliyochoka.

Kupanda daraja moja la uzito, kwa mfano kutoka 5W-30 hadi 5W-40, ndani ya mipaka ya kitabu cha gari, kunaweza kupunguza ulaji wa oili. Kurukia nzito kupindukia ni kuificha dalili, kwa kuwa oili hiyo huchelewa kufika juu ya injini inapowashwa ikiwa baridi. Kujaza kupita alama ya juu nako si akiba: krenkishafti huichapa oili ikawa povu, na povu halishiki presha. Ama weusi wa oili, peke yake si ubovu. Ni masizi ambayo oili imeyabeba kama inavyopaswa.

Dhana: Gari lililozimika baada ya taa kuwaka limeshanoki.

Huenda ni kweli kwamba injini imejamu, lakini lithibitishwe. Waya hasi wa betri uchomolewe, gia iwe huru, na spana itiwe kwenye nati ya puli ya krenkishafti, izungushwe kuelekea upande ambao injini huzungukia. Ikizunguka kwa ugumu unaopanda na kushuka, haijajamu, na kasoro nyingine, kama ya stata, umeme au mafuta, itafutwe kabla ya kuihukumu. Ikizunguka kirahisi bila kubana popote, mkanda wa taimingi, unaoziendesha valvu zifuatane na pistoni, ushukiwe kukatika na gari lisijaribiwe tena kuwashwa, maana katika injini nyingi valvu zitagongwa na pistoni. Ikigoma hata plagi zote zikitolewa, sampu ifunguliwe na filta ipasuliwe: vipande vya chuma vinavyong'aa kwenye karatasi yake ni vya beringi zilizosagika.